Kundi letu linaimba vizuri, lakini watu wanashika simu: mbwembwe za jukwaani zinafanywaje?

Sebene_Katuba

Jambo ba yaya, jambo ba muzee. Tuko kundi la batu 8 hapa Lubumbashi: waimbaji 2, gita la solo, gita la akompa (la kusindikiza), besi, batri (ngoma), na wachezaji 2. Kwa repetisyo (mazoezi) kila kitu kiko sawa, sauti zinashikana, sebene (kile kipande cha magita na kucheza) inatembea. Lakini tukipanda jukwaani, kiisha wimbo wa pili batu banaanza kuangalia simu ao kuongea. Kundi lenye kutufuata linaimba chini yetu, kusema kweli, lakini muimbaji wao akifika tu kwa mikro uwanja wote unanyamaza.

Mwezi wa 7 tutapewa dakika 25 kwa shoo ya inje, tunaanza saa 11 na nusu jioni, sono (vyombo vya sauti) ni ya kukodi. Maulizo yangu: hizi mbwembwe zinafanya kazi gani kabisa? Mutu anajifunza ao anazaliwa nazo? Na ndani ya dakika 25 tupange nini? Mumoja wetu anasema mbwembwe ni za batu basiojua kuimba.

Rejisa_Kamalondo

Mudogo, nianze na huyo mwenzenu. Anachanganya mbwembwe na fujo. Fujo ni kurukaruka ili watu wasigundue kwamba wimbo ni mbovu. Mbwembwe zina kazi moja: kumwonyesha mtazamaji aangalie wapi, na lini. Inje pale watu wamesimama, wana vinywaji, wana watoto, wana rafiki wa kupiga naye masolo (stori). Sikio peke yake haliwezi kuwashika dakika 25. Jicho lisipopewa kazi linajitafutia, na siku hizi linaipata kwenye simu.

Mumuangalie James Brown, yule muimbaji wa Marekani aliyepiga Kinshasa mwaka 1974 kwenye lile tamasha lililopangwa pamoja na pambano la ngumi la Ali na Foreman. Alikuwa na mchezo wake wa joho. Katikati ya wimbo wa kubembeleza anaanguka magoti. Danny Ray, mshereheshaji wake, anakuja, anamfunika joho mabegani na kumuongoza polepole kutoka jukwaani. Anapiga hatua chache, analitupa joho, anarudi kwenye mikro. Halafu tena. Sasa muchambue vipande. Bendi haisimami, inazungusha kipande kilekile kifupi, chinichini. Wapiga vyombo wamebaki mahali pao, wanaotembea ni hao wawili tu. Mara ya kwanza watu wanaamini amechoka kweli. Mara ya pili wanajua atarudi, na ndipo kelele zinapopanda, kwa sababu sasa na wao wamo ndani ya mchezo. Hapo hakuna sauti mpya hata moja iliyoimbwa. Na kitu kama hicho hakitokei kwa bahati: hatua zinahesabiwa, bendi inajua irudie mara ngapi, mwenye joho anajua atokee neno gani likitajwa. Kwa hiyo habari ya "kuzaliwa nazo" muiache.

Dakika 25 zenu. Nyimbo 4, si 6. Hesabu: 4 + 4 + 5 + 6 ni dakika 19. Wimbo wa pili kwa nguvu mufungue nao, wenye nguvu zaidi uwe wa mwisho, wa polepole uwe wa tatu. Dakika 3 za kuingia, kuongea na kuaga. Zile 3 zilizobaki muziache wazi, kwa sababu kundi la mbele yenu litachelewa kutoka, na mpanga shoo hatawarudishia muda.

Kuingia. Kosa linaloonekana kila Jumamosi: wote 8 wanapanda pamoja, mtu wa solo anaanza kukaza nyuzi, muimbaji anapiga "alo, alo, munanisikia?" Mumeshapoteza nusu ya uwanja kabla ya sauti ya kwanza. Mufanye hivi: vyombo vimekazwa chini, kabla ya kupanda. Batri na besi wanaanza peke yao, wanazunguka mara 8. Magita yanaingia. Waimbaji bado hawaonekani. Halafu muimbaji wa kwanza anaingia akitembea, hakimbii, anafika katikati, anasimama, anaangalia sehemu tatu za uwanja: nyuma kushoto, nyuma kulia, halafu watu wa mbele. Kila sehemu kama sekunde 2. Ndipo anafungua mdomo. Salamu ije baada ya wimbo wa kwanza.

Macho. Sentensi moja ya wimbo, uso mmoja wa mtu. Sentensi inayofuata, uso mwingine upande mwingine. Mtu aliyeangaliwa anaona ameimbiwa yeye, na watu kumi waliosimama karibu naye wanaona hivyohivyo. Muimbaji anayefumba macho wimbo mzima, au anayeangalia vidole vya mpiga gita, amefunga mlango.

Kusimama kimya ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Wote wakicheza muda wote, hakuna anayeonekana. Kila wakati pawe na mtu mmoja wa kuangaliwa. Solo ikianza, muimbaji atoke katikati hatua mbili, amgeukie mpiga solo, na wachezaji wasipite mbele yake. Watu watafuata macho ya muimbaji bila kuambiwa. Na ishara ya mkono itoke begani: ukiwa mita 20 mbali, vidole havionekani vizuri. Mkono ukifika juu, ubaki hapo sekunde 2. Ishara inayokatwa njiani inaonekana kama mtu anafukuza nzi.

Jambo la mwisho kwa leo: pumzi. Mistari mirefu ya wimbo iimbwe mguu ukiwa chini, hatua kubwa zije kwenye sebene. Mufanye mazoezi ya kuimba wimbo mzima mukikimbia polepole mahali pamoja. Pale sauti inapokatika, ndipo hatua za wachezaji-waimbaji zinatakiwa kupunguzwa. Tangu kundi la Zaiko Langa Langa la Kinshasa walipoingiza atalaku (mpaza sauti wa sebene) mwanzoni mwa miaka ya 1980, kazi ya kuamsha uwanja ndani ya sebene ina mwenyewe, na waimbaji wanapata kupumua. Nyinyi muna waimbaji 2 tu. Muchague nani anabeba mistari na nani anabeba sebene. Wote wawili wakipiga kelele pamoja, maneno hayasikiki na koo zinaisha kwenye wimbo wa pili.

Fundi_wa_Sono

Rejisa amemaliza upande wake, mimi niongeze mambo ambayo yanaua mbwembwe nzuri kila siku.

Mikro kwanza. Ishikwe kwenye mpini, chini ya kichwa cha waya. Vijana wanapenda kukifunika kichwa kwa ngumi kama wanavyoona kwenye video. Mikro za jukwaani zimetengenezwa kupokea sauti ya mbele na kukataa ya nyuma. Ukiziba matundu ya nyuma kwa ngumi, inaanza kupokea kila upande, pamoja na bafle (spika) ya miguuni, na larseni (ule mlio wa sauti inayojirudia) inapiga filimbi. Umbali: kati ya sentimeta 2 na 5 ukiimba kawaida, ukipaza sauti vuta hadi kama 15. Ukiinua mikono juu kushangiliwa, mikro usiielekeze chini kwenye bafle ya miguuni. Na usishuke kutembea mbele ya bafle kubwa za uwanja hata kama kule ndiko wasichana waliko. Kama mikro ni ya waya, mpime urefu wa waya kwa hatua siku ileile, sababu ile safari ya kuja mbele kabisa inaishia njiani waya ukiwa mfupi. Kama haina waya, betri mpya, na zile mbovu zitupwe, zisirudishwe ndani ya boksi.

Kupigisha watu makofi: hapa kuna ujanja. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyesimama mita 50 kutoka jukwaani anawasikia amechelewa karibu sekunde 0.15, na kofi lake likirudi kwenu limechelewa mara mbili ya hapo, 0.3. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.5, kwa hiyo kofi la nyuma linawafikia zaidi ya nusu pigo nyuma. Mpiga batri akilifuata, wimbo mzima unalala. Batri isisikilize makofi ya uwanja hata kidogo. Muimbaji apige makofi mikono ikiwa juu ya kichwa, kwa sababu nuru haichelewi kama sauti: watu wa nyuma watafuata mikono, si bafle. Na muchague wimbo wa mwendo wa kati. Kwenye sebene ya mbio makofi yanageuka mvua.

Saa 11 na nusu mwezi wa 7: hapa kwetu jua linazama karibu saa 12. Jukwaa likiangalia magharibi, jua litawapiga machoni na ile hesabu ya macho ya Rejisa haitawezekana. Mwende kuangalia siku moja kabla ya shoo, saa hiyohiyo. Mutaanza mwanga wa jua ungalipo, mutamaliza giza linaingia, na giza letu haliji polepole. Taa hazitaonekana kwenye nyimbo mbili za kwanza, kwa hiyo musipange kitu chochote cha taa hapo. Nguo: Papa Wemba, muimbaji wetu wa mavazi ya kifahari, alishatufundisha Wakongo wote, sina la kuongeza, ila hili: mwanga ukipungua, nyekundu ndiyo inaonekana nyeusi kwanza. Nyeupe na manjano zinabaki. Na muulize kitambaa cha nyuma ni rangi gani. Suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, watu wataona vichwa 8 vinaelea.

Mama_wa_Kwaya

Jambo baba zangu. Mimi ni wa upande wa kanisa, naongoza kwaya ya watu 30. Kwetu wazee wanasema mambo haya ni majivuno, mwimbaji anajitafutia sifa badala ya kumpa Mungu. Lakini ukweli kwaya yetu ikisimama, hata washirika wetu wanasinzia. Kuna njia ya katikati?

Tamthilia_Lushi

Mama, jambo. Iko, na ni rahisi kuliko ya bendi. Uangalie tofauti moja: mbwembwe zinaelekeza watu kwenye nini? Mwimbaji akifanya ishara na watu wakabaki wanamfikiria yeye, wazee wana haki. Ishara ikifanya neno la wimbo liingie, hakuna wa kulalamika.

Kwa kwaya ya 30, mambo manne tu. Karatasi zitoke mikononi, kwa sababu 30 wanaoangalia chini ni utosi 30. Kama hawajakariri, wakariri angalau mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ubeti, na kwenye hiyo wainue macho. La pili, kuingia: mistari mitatu, kila mtu anajua anasimama nyuma ya nani, hakuna kunong'onezana "songa". La tatu, kuyumba. Au wote wanayumba upande mmoja kwa mwendo mmoja, au wote wamesimama. Watano wakiyumba na 25 wakasimama, macho yote yanakwenda kwa watano. La nne ndilo linasahaulika: wimbo ukiisha, musitikisike mpaka mwongozaji ashushe mikono. Sekunde 3. Watu wanahitaji hizo sekunde ili neno la mwisho lishuke. Kwaya nyingi zinaanza kujikuna na kufungua ukurasa unaofuata sauti ya mwisho ikiwa bado hewani.

Na wewe Sebene, nikuongezee kutoka upande wa michezo ya kuchekesha, sababu kuongea katikati ya nyimbo ndiko bendi nyingi zinakoanguka. Hapa Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilijenga michezo yake kwa Kiswahili chetu bila kukariri maandishi: wanakubaliana mpango, nani anaingia wapi, kitu gani lazima kisemwe, halafu maneno yenyewe yanazaliwa palepale. Mpango huo unawafaa nyinyi. Muimbaji asiandike hotuba. Awe na vitu viwili vya kusema katika dakika 25 yote, kila kimoja sekunde 20, ajue neno la kwanza na neno la mwisho. La katikati litajitengeneza. Akienda bila neno la mwisho, ataanza "basi… kwa hiyo… ndiyo vile…", na hapo simu zinatoka.

Watu wakicheka, usiongee juu ya kicheko. Kinapanda, kinafika juu, kinaanza kushuka. Kikishuka nusu, endelea. Ukiingia mapema unawafundisha wasicheke tena, kwa kuwa watakuwa wanakosa maneno. Ukingoja mpaka kimeisha kabisa, moto umezimika. Na mzaha ukianguka, usiueleze. Neno la kwanza la wimbo unaofuata lianze palepale, gita likiwa tayari linacheza chini ya maneno yako.

Kuhusu kuitikiana na watu: maneno 3 hadi 5, si zaidi. Uyaseme mara moja, halafu mwenzako wa jukwaani ayaitikie ili watu wasikie mfano, halafu ndipo uwape wao. Wakiitika kidogo, usiwagombeze. "Sisikiii!" mara moja inatosha, mara ya tatu ni adhabu. Usiombe chochote kwenye wimbo wa kwanza. Hawajakujua bado, kwa nini wakufanyie kazi?

Sebene_Katuba

Aksanti sana ba muzee, nimeandika yote. Niongeze maulizo mawili. Moja: batu bakipanda kubandika falanga (noti za pesa) kwa uso wa muimbaji, kila kitu kinaharibika, mikro inasukumwa, wachezaji banasimama. Mbili: kurani (umeme) ikikatika katikati? Kwetu hiyo si "kama", ni "siku gani".

Rejisa_Kamalondo

Falanga ni sehemu ya shoo, musiziogope, ila muzipangie njia. Mutu mmoja asiye muimbaji awe pembeni mwa ngazi na kikapu. Anapandisha watu mmojammoja, upande mmoja, wanashuka upande mwingine. Mikro ishikwe na mkono wa mbali na ngazi, ili anayekuja afike upande ulio wazi. Muimbaji haachi kuimba, haangalii noti, anamuangalia mtu usoni sekunde moja na kurudi uwanjani. Noti ikianguka isiokotwe na muimbaji wala mchezaji, ni kazi ya mwenye kikapu, na aingie akiwa ameinama, kwa nyuma. Haya yote kwenye sebene tu. Mtu akija katikati ya mistari, mwenye kikapu amuombe asubiri.

Kutupa mabanga (kutaja majina ya watu) vilevile: majina mawili au matatu, ndani ya sebene, muyaandike kwenye karatasi ndogo iliyobandikwa sakafuni. Yakifika kumi, yule ambaye jina lake halikutajwa anaona shoo si yake, na yeye ndiye wengi.

Fundi_wa_Sono

Kurani. Muwe na wimbo mmoja wa batri na sauti tu, uwe tayari kila siku, kwa ufunguo ambao waimbaji wote wanaufikia bila gita. Bafle zikifa, mpiga batri haachi hata pigo moja. Yeye hahitaji umeme, na akisimama yeye ndipo watu wanajua kuna tatizo. Anahamia kwenye mdundo wa wimbo huo, waimbaji wanakuja ukingoni kabisa, wachezaji wanapiga makofi pande mbili. Umeme ukirudi musirudie wimbo uliokatika, mumalizie huu huku magita yakiingia mmojammoja. Uwanja utadhani mulipanga. Lakini kabla ya umeme kurudi, magita yote sauti iwe sifuri, maana ule mlio wa kurudi unaweza kuvunja bafle na masikio. Kila mpiga chombo ajue hilo bila kukumbushwa.

Na baridi. Mwezi wa 7 usiku hapa unashuka hadi karibu nyuzi joto 10, mara nyingine chini yake. Gita likitoka kwenye chumba chenye joto likapanda moja kwa moja, nyuzi zinakaza na sauti inapanda juu. Taa zikilipiga baadaye, inashuka. Mulitoe inje nusu saa kabla ya kupanda, ndipo mukaze. Mpiga solo aweke mikono mfukoni mpaka dakika ya mwisho.

Sebene_Katuba

Sawa. Na repetisyo tuzifanye je sasa? Tumezoea kukaa duara.

Rejisa_Kamalondo

Duara muache leo. Musimame kama jukwaani, wote muangalie ukuta mmoja, mupime kwa chaki upana wa jukwaa lenyewe. Simu moja iwekwe mita 15 mbele, kwa urefu wa macho ya mtu, irekodi dakika 25 zote bila kukatwa, pamoja na kuingia na kutoka. Halafu muangalie mara ya kwanza bila sauti. Kila mahali ambapo jicho lenu limekosa kitu cha kuangalia, muandike dakika yake. Mara nyingi utakuta ni palepale kati ya wimbo na wimbo: sekunde 30 za migongo. Hapo akompa abaki anapiga chinichini, muimbaji asogee mbele, wengine wakaze nyuzi nyuma yake. Mara ya pili musikilize bila kuangalia, kujua ni hatua gani zinakula sauti.

Mwisho wa wimbo wa mwisho mufanyie mazoezi peke yake, hata mara 20: mpiga batri anaangalia mkono wa muimbaji, mkono unashuka, wote wanakata pamoja, hakuna anayeongeza hata mlio. Musimame hivyohivyo sekunde 3. Mustari mmoja, muiname pamoja, mtoke upande uleule mulioingilia. Waya zitachomolewa baada ya nyinyi kushuka, na si nyinyi wa kuzichomoa, huyo wa kikapu atapanda.